Gari Linapolia: Kelele na Kubana kwenye Magari ya Magurudumu Manne

Kipindi cha madereva, mafundi na wakuu wa usafirishaji katika huduma za misaada
Sauti: Mtangazaji, Fundi
Muda: dakika 22 pamoja na muziki

(Muziki wa utangulizi, sekunde 15, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, popote ulipo, Uvira au Baraka, Kasulu au Kibondo, Bujumbura au Nakivale, karibu tena katika kipindi chetu. Leo tunazungumza na watu ambao mara nyingi tunawaona wakipita tu na vumbi lao: madereva wa ambulensi, madereva wa magari yanayobeba dawa, maji na chakula, pamoja na mafundi na wakuu wanaowapangia safari. Mada yetu ni kelele na kubana kwa magari ya magurudumu manne. Gari linagonga, linalia, linanguruma, au linakuwa zito kama lililofungwa kamba. Je, limevunjika? Au linatwambia jambo ambalo bado tunaweza kulirekebisha? Fundi wetu yuko hapa kutufafanulia. Fundi, karibu, uwanja ni wako.

FUNDI: Asante sana. Nawasalimu wasikilizaji wote, na hasa nyinyi madereva mlioko njiani wakati huu.

Nianze kwa kusema kwa nini jambo hili si la mafundi peke yao. Gari la mtu binafsi likiharibika, mwenyewe anachelewa kazini. Ambulensi ikiharibika mlimani saa tisa usiku, na ndani yuko mama mwenye uchungu wa kuzaa, hakuna spea itakayofika kwa wakati. Gari la chanjo likikwama, barafu kwenye masanduku inayeyuka. Msafara ukisimama mahali ambapo haukupangiwa kusimama, wote waliomo wako hatarini. Sasa, sehemu nyingi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu hazivunjiki ghafla. Hutoa taarifa kabla, mara nyingine siku nyingi kabla. Taarifa hiyo ni kelele, mtetemo, joto au uzito wa usukani. Na mtu wa kwanza kuipata ni dereva, kwa sababu yeye ndiye anayekaa ndani ya gari kutwa nzima.

Ndiyo maana leo nataka tukumbuke jambo moja. Usianze kwa kuuliza kelele inatoka wapi. Anza kwa kuuliza inatoka lini. Chini ya gari sauti husafiri kwenye chuma na kudanganya masikio; mlio wa nyuma unaweza kusikika kama uko mbele. Lakini wakati haudanganyi. Kelele inayokuja ukikata kona tu, na kelele inayokuja ukiachia mafuta tu, zina chanzo tofauti.

Kwanza tujue nguvu inavyosafiri. Nitatumia mfano wa Toyota Land Cruiser ile ndefu ya miaka yote, ambayo wengi wenu mnaiendesha. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia gia boksi. Kutoka hapo inaingia kwenye transfa, lile sanduku la pili lenye kijiti chake kifupi kilichoandikwa H2, H4, N na L4. Transfa ndiyo inayogawa. Ukiwa H2, nguvu inakwenda nyuma tu. Ukiingiza H4 au L4, yaani fowili, inakwenda nyuma na mbele. Kutoka transfa nguvu inasafiri kwa propela, ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaiita kardani. Kila propela ina misalaba midogo ya chuma kwenye ncha zake. Mafundi wengi huiita kroso. Propela inazungusha difu, difu inazungusha ekseli, ekseli inazungusha gurudumu. Kwa mbele kuna kitu kimoja zaidi: habu zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono, zilizoandikwa LOCK na FREE. Habu ikiwa imefunguliwa, gurudumu la mbele linazunguka peke yake, na ekseli, difu na propela ya mbele zinabaki zimetulia.

Shikeni hilo la mwisho, kwa sababu litatusaidia sana baadaye.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

FUNDI: Sasa tuingie kwenye kubana. Dereva ametoka kwenye matope, ameingia lami au barabara ngumu kavu. Anakata kona ya kuingia hospitali, na gari linakuwa zito. Usukani unagoma. Matairi yanalia. Gari linarukaruka kidogo kama linalovuta breki lenyewe. Anajaribu kutoa fowili, kijiti hakitoki. Anapiga simu ofisini anasema gia boksi imekufa.

Mara nyingi gia boksi haijafa. Gari limejibana lenyewe, na sababu ni hii. Ukikata kona, magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma. Tazameni alama za matairi kwenye vumbi, mtaona zinaachana. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yanahitaji kuzunguka zaidi. Difu ya mbele inaweza kulipatia gurudumu la kulia mwendo tofauti na la kushoto, na difu ya nyuma vilevile. Lakini kwenye gari la aina hii hakuna difu kati ya mbele na nyuma. Ukiingiza H4, propela mbili zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye matope, mchanga au changarawe, tairi inateleza kidogo na tofauti ile inaisha. Kwenye lami kavu au saruji tairi haitelezi. Tofauti haina pa kwenda, basi inajisokota ndani ya propela, ekseli na meno ya transfa, kama nguo unayoikamua kwa mikono miwili.

Nguvu hiyo iliyojisokota ndiyo inayokishika kijiti cha transfa. Usikipige teke, wala usikivute kwa mikono miwili. Utapinda vyuma vya ndani. Fanya hivi. Nyoosha usukani. Weka gia ya nyuma, rudi polepole mita chache kwa mstari ulionyooka, huku ukikivuta kijiti kwa upole. Kama mahali hapatoshi, peleka magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo laini kandokando ya barabara. Mara nyingi utasikia mshindo mmoja, kisha usukani unakuwa mwepesi na kijiti kinatoka. Mshindo huo ni ile nguvu inayojiachia.

Je, kama umefanya hivyo na gari bado linabana? Hapo ndipo tunatumia zile habu. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kijiti kikiwa H2, kisha fungua habu zote mbili. Zungusha gari taratibu uwanjani kwa kona kali. Likiwa jepesi sasa, na hapo kabla lilikuwa zito ukiwa H2 na habu zimefungwa, basi transfa haijatoka kwenye fowili hata kama kijiti kinasema H2. Taa ya fowili kwenye dashibodi ikiendelea kuwaka, huo ni ushahidi wa pili. Fundi aangalie vyuma vinavyounganisha kijiti na transfa kabla ya kufungua transfa yenyewe. Mara nyingine ni matope yaliyokauka au kichaka cha mpira kilicholika.

Lakini kama habu zimefunguliwa na gari bado linabana, acheni kuilaumu fowili. Magurudumu ya mbele hayaunganishwi tena na kitu chochote. Tafuteni mahali pengine: breki ya mkono isiyoachia, dramu ya nyuma iliyojaa matope, pistoni ya breki iliyokwama, au beringi ya gurudumu inayokufa. Magari mengine yana kitufe cha kufunga difu ya nyuma. Kikisahaulika kimewashwa, magurudumu mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka sawa, na gari linataka kwenda mbele tu hata ukikata kona.

Kipimo rahisi ni joto. Endesha kilomita kama 10 bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. Usishike mara moja, unaweza kuungua. Tafuta tofauti: la kushoto kwa la kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake, umeshapata pa kuanzia.

Na hapa niseme neno kuhusu matairi, kwa sababu kuna kubana kunakotoka stoo. Gari linapewa matairi mawili mapya mbele, na nyuma linabaki na vipara. Tufanye hesabu. Tairi la Land Cruiser likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 2.5. Kwa kilomita moja linazunguka kama mara 400. Tairi lililolika sentimita 1 kutoka katikati hadi nje limepoteza zaidi ya sentimita 6 kwa kila mzunguko. Zidisha mara 400: unapata kama mita 25 kwa kila kilomita. Ukiwa H4, propela za mbele na nyuma zinalazimika kugombania mita hizo 25 hata kwenye barabara iliyonyooka kama mstari. Kwa hiyo magurudumu manne yawe na ukubwa mmoja, yalike kwa kulingana, na yawe na upepo uliopangwa. Tairi la akiba lenye ukubwa tofauti ni la kukufikisha nyumbani kwa H2, si la kuingilia fowili.

Neno moja kwa wanaoendesha Land Rover Defender na baadhi ya Prado. Magari hayo yanavuta kwa magurudumu manne wakati wote, lakini yana difu ya tatu katikati. Hiyo ndiyo inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana. Ukiifunga kwa ajili ya matope, gari linakuwa kama Land Cruiser iliyo kwenye H4. Ukifika barabara ngumu, ifungue. Kama taa yake haizimiki, rudi nyuma kwa mstari ulionyooka kama nilivyoeleza.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Fundi, kabla hujaenda kwenye kelele, kuna swali ambalo madereva hutuuliza mara kwa mara. Ni vibaya kuacha habu zimefungwa muda wote wa mvua?

FUNDI: Si vibaya. Wakati wa mvua unaweza kuzifunga asubuhi na kuziacha hivyo, ilimradi kijiti kiko H2 kwenye barabara ngumu. Kinachobana ni H4, si habu. Utatumia mafuta kidogo zaidi na propela ya mbele itakuwa inazunguka bure, lakini hutashuka kwenye matope usiku kuzifunga. Kilicho kibaya ni kufunga moja na kusahau nyingine. Ukiingiza fowili hivyo, nguvu ya mbele inakimbilia upande ulio wazi na gurudumu halivuti. Dereva anadhani fowili imekufa. Kwa hiyo kila mara zunguka gari, tazama zote mbili.

Sasa kelele. Nitataja nyakati, nanyi mtafananisha na gari lenu.

Wakati wa kwanza: gari limesimama. Kama unasikia ngurumo hata gari likiwa limesimama na gia iko huru, kanyaga klachi. Ngurumo ikitoweka, tazama beringi za gia boksi upande wa kuingilia. Ngurumo ikianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Propela na difu hazimo, kwa sababu hazizunguki.

Wakati wa pili: unapoondoka au unapobadilisha kati ya mbele na nyuma. Unasikia mgongo mmoja wa chuma, ka! Hapo kuna nafasi iliyozidi mahali fulani: kroso iliyolika, boliti za propela zilizolegea, au meno ya difu. Anza na kilicho rahisi. Gari likiwa tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma, gia na transfa zikiwa huru, ingia chini na ushike propela karibu na kroso. Isukume juu na chini, izungushe kushoto na kulia. Kroso nzima haichezi. Ukiona unga mwekundu kama kutu kuzunguka vikombe vyake, ndani hakuna grisi tena na sindano zake zimeshakuwa vumbi. Kaza boliti zote kabla ya kununua spea yoyote.

Wakati wa tatu: mwendo wa polepole, na sauti kama ya ndege mdogo, chwi, chwi, chwi, inayoharakisha kadiri gari linavyoharakisha. Hiyo ni kroso kavu inayoomba grisi. Ipe leo. Tumia pampu ya grisi mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, kroso hiyo inaendelea kufa upande mmoja. Kwenye njia zetu usisubiri zaidi ya kilomita 5,000, na ukivuka mto wenye kina, tia grisi siku hiyohiyo, kwa sababu maji yameingia.

Wakati wa nne: mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani, tuseme kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, kisha unapungua. Tazama matope yaliyogandia ndani ya rimu, halafu propela. Uliza kama propela ilifunguliwa hivi karibuni. Ikiunganishwa vibaya, ncha zake mbili hazitazamani na gari zima litatetemeka. Ndiyo maana kabla ya kufungua propela piga alama ya rangi kwenye vipande vyote, uirudishe kama ulivyoikuta.

Wakati wa tano: kona kali. Ukisikia ka-ka-ka-ka kutoka mbele, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na habu zimefungwa, hiyo ni jointi ya ekseli ya mbele, mafundi wanaiita sivi jointi. Fungua habu, weka H2, rudia kona ileile. Kelele ikitoweka, umethibitisha. Tazama pia nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye ile duara kubwa ya chuma. Ikitoka grisi nyepesi kama uji, oili sili ya ndani imechoka. Oili ya difu inaingia kwenye grisi ya jointi na kuiosha. Sili ni ya bei ndogo. Jointi si ya bei ndogo.

Wakati wa sita: ngurumo inayoendelea barabarani, inayozidi ukiyumba upande mmoja. Ukikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Kwa hiyo ngurumo ikikua ukikata kushoto, shuku beringi ya kulia. Kuhakikisha, nyanyua gurudumu kwa jeki, weka stendi imara, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za juu na chini zinazoshika mkono wa usukani. Tafadhali, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulindia uhai.

Wakati wa saba: mlio mwembamba kama wimbo, unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta. Hiyo ni lugha ya difu, krauni na pinioni yake. Ni ipi kati ya difu mbili? Fungua habu, endesha kwa H2. Mlio ukitoweka, ni ya mbele. Ukibaki vilevile, anza na ya nyuma. Kwa dakika mbili tu umeokoa siku nzima ya kufungua difu isiyo na kosa.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

FUNDI: Kabla hatujafungua difu yoyote tutazame oili, maana oili ni kama damu: inaonyesha ugonjwa. Kanuni ya kwanza: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta nati ya juu imeshikwa na kutu, umeliua gari mahali pale. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Vumbi laini linalong'aa kidogo ni la kawaida kwa gari la kazi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Hilo gari lisiende safari ya mbali.

Maji yanaingiaje wakati difu imefungwa vizuri? Difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye mto baridi, hewa iliyomo ndani inajikunja na kuvuta chochote kilicho karibu. Kuna bomba dogo la kupumulia linaloruhusu difu kuvuta hewa kutoka juu. Bomba likizibwa na matope au nyigu, difu itavuta maji kupitia sili. Kwa madereva wanaovuka mito kati ya Uvira na Baraka msimu wa mvua, kazi ya kusafisha bomba hilo ni ya dakika tano. Na kabla ya kuingia majini, kama hali ya usalama inaruhusu, acha gari lipoe kidogo.

Sasa tuseme uko njiani na kitu kimevunjika. Land Cruiser ya H2 na H4 inaweza kukurudisha kwa nusu yake. Sivi jointi au propela ya mbele ikivunjika, fungua habu zote mbili, weka H2, nenda polepole. Kama propela yenyewe inaning'inia, itoe kabisa. Propela ya nyuma ikivunjika, itoe, funga habu, weka H4, na gari litavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Usipande mlima kwa nguvu, usipakie mzigo, tembea taratibu hadi kituo cha karibu.

Lakini sikilizeni onyo hili vizuri. Propela ndiyo inayounganisha gia na magurudumu. Siku ukiitoa, gia haishikilii tena gari kama ulivyozoea. Na kwenye Defender za zamani breki ya mkono inashika propela ya nyuma. Ukiitoa, breki ya mkono haina kazi. Kwa hiyo kabla ya spana ya kwanza, weka mawe makubwa pande zote mbili za magurudumu, hata mahali unapoona ni tambarare. Abiria washuke na wakae mbali, si nyuma wala mbele ya gari.

Namalizia na wakuu wa usafirishaji. Mnaweza kununua spea nzuri na oili bora, lakini kama dereva anaogopa kusema, gari litaharibika tu. Dereva aliyewahi kuulizwa kwa ukali, "Umelifanya nini gari?", safari ijayo atapandisha sauti ya redio asiisikie kelele. Atalikabidhi kwa mwenzake bila neno, na mwenzake ndiye atakayekwama na mgonjwa. Katika daftari la gari wekeni mistari mitano tu: kelele ilianza lini, gari lilikuwa H2 au H4, habu zimefungwa au la, ilikuja kwenye kona, kwenye kukanyaga mafuta au kwenye kuachia, na kuna gurudumu lililokuwa la moto? Dereva akijaza hiyo, fundi anaanza kazi akiwa amefika nusu ya njia. Na yule aliyejaza ashukuriwe, hata kama ikigundulika lilikuwa jiwe tu lililonasa kwenye kinga ya breki. Jiwe leo ni heri kuliko beringi kesho.

MTANGAZAJI: Fundi, asante sana kwa kutuangazia.

FUNDI: Asanteni nyinyi. Safari njema.

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, tukusanye tuliyoyasikia. Kwanza, fowili ni ya matope, mchanga na changarawe. Ukifika barabara ngumu kavu, itoe, na ikigoma, rudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Pili, uliza kelele inakuja lini kabla ya kuuliza inatoka wapi, na tumia habu kutenganisha mbele na nyuma. Tatu, matairi manne yawe sawa, kroso zipate grisi, na oili ikaguliwe baada ya maji. Nne, dereva aseme, na mkuu asikilize.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya mjadala wa wiki hii:

1. Katika gari mnalotumia, nani anakagua habu na kijiti cha transfa kabla ya kuingia barabara ngumu?
2. Matairi manne ya gari lenu yamelika kwa kulingana? Pimeni leo na muandike.
3. Dereva akiripoti kelele katika kituo chenu, nini kinatokea baadaye? Kinampa moyo au kinamnyamazisha?
4. Ambulensi ikikwama usiku, nani anaarifiwa kwanza, na mgonjwa anahamishwaje?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya kikundi, kisha muyapeleke kwa mkuu wa kituo. Mpaka wiki ijayo, kila anayetoka leo afike, na kila anayesubiri gari alione likija.

(Muziki wa kufungia, unapanda, kisha unaisha.)